Mbu na hiyo hofu yako

Mambo shosti,

Meseji yako nimeisoma usiku nikacheka kwanza, halafu nikaona hapana, hili swali la maana. Eti mbu kamng'ata mwenye virusi vya ukimwi, dakika hiyohiyo kaja kwako, kwa nini usipate wakati malaria inapita?

Sasa skia. Wengi tunamchukulia mbu kama sindano, kwamba anavuta damu kwa huyu anaenda kuimwaga kwa yule. Hafanyi hivyo. Ule mdomo wake una njia mbili, moja inapandisha damu nyingine inashusha mate, kwa hiyo kinachoingia kwako ni mate, ndo yanazuia damu isigande na ndo yanakuwasha, damu ya jirani inabaki tumboni kwake, ile unayoiona ukimbamiza ukutani asubuhi.

Yani ugonjwa ukitaka kusafiri na mbu lazima utoke tumboni ufike kwenye mate, na hapo ndo mengi yanafia njiani. Virusi vya ukimwi vinazaliana kwenye chembe nyeupe fulani za damu ya binadamu, mbu hana hizo, basi vinameng'enywa pamoja na damu yenyewe, habari imeisha. Ila kimelea cha malaria bwana, hicho kimejipanga! Humohumo tumboni dume na jike wanakutana, kinachozaliwa kinatoboa ukuta wa utumbo kinafanya kijivimbe kwa nje, kinakua, kinapasuka, vinatoka vimelea kibao vinakimbilia kwenye tezi za mate. Vile vivimbe daktari mmoja Mwingereza, Ronald Ross, ndo alivionaga India mwaka 1897. Safari yote hiyo kama siku 10 mpaka 14, kwa hiyo mbu aliyemnyonya mgonjwa leo hawezi kukupa malaria leo, na wengi wao wanakufa kabla hawajafikisha hizo siku.

Halafu sio kila mbu anabeba kila kitu. Malaria ni ya anofelesi, yule wa usiku anayekaa kabinua makalio juu. Dengi, chikungunya na homa ya manjano ni za edesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anang'ata mchana kweupe, ndo maana ile dengi ya 2019 hapa Dar watu walikuwa wanalala kwenye neti vizuri tu na bado wanaumwa. Matende na mabusha huku pwani sanasana ni mbu wa mashimo ya vyoo. Kuna virusi vya o'nyong'nyong, vililipuka Uganda 1959, ni ndugu kabisa na chikungunya lakini vyenyewe vinapanda anofelesi, hapo hata mi nachoka, undugu gani huo.

So ukimwi wa mbu uutoe kichwani kabisa, mi ningekuwa wewe ningemuogopa huyo wa mchana, tena anapenda maji safi yaliyotulia. Hivi lile pipa lenu la uani mlishalipatia mfuniko?