Mama zetu wana majina, yaandikeni

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Kila ikifika Jumapili ya pili ya Mei ni salamu za Mama kila mahali, maua, keki, picha za zamani, na sina neno, mama apewe hata keki kumi. Lakini mimi huwa nakumbuka ile mechi ya kriketi ya India na New Zealand pale Visakhapatnam, tarehe 29 Oktoba 2016. Wachezaji wa India waliingia uwanjani na majina ya mama zao mgongoni. Kapteni Dhoni jezi yake imeandikwa Devki, Kohli kaandikwa Saroj, Rahane kaandikwa Sujata. Najua ilikuwa kampeni ya stesheni ya TV, lakini mimi ilinigusa kwelikweli. Na siku hiyo New Zealand walimalizwa wote kwa mikimbio 79 tu!

Kwetu pwani mambo ni kinyume. Mwanamke akishazaa jina lake ndo basi tena, anakuwa Mama Hassan mpaka anaingia kaburini. Ni heshima, sikatai, hata mimi siwezi kumwita mamangu kwa jina. Lakini mwaka jana nilimpeleka kliniki, nesi akaita "Zuhura", kimya, akaita tena, watu wanageuka kumtafuta huyo Zuhura, mimi mwenyewe niko kwenye simu sina habari, mara mama akashtuka akakusanya buibui lake akainuka polepole akasema, "Kumbe ni mimi." Hayo maneno yamenikaa mpaka leo.

Sasa mchukulie Tendulkar, yule mpigaji maarufu wa India. Kombe la Dunia la kriketi 1999 kule Uingereza alifiwa na babake, akarudi nyumbani msibani, huku nyuma India ikapigwa na Zimbabwe kwa mikimbio 3. Mamake, mjane wa siku chache, ndiye aliyemwambia arudi akacheze. Akarudi, na mechi yenyewe ilikuwa na sisi Kenya, Bristol, tarehe 23 Mei, akatupiga mikimbio 140 bila kutolewa, alipofika mia akainua uso juu mbinguni. Tulishindwa siku ile lakini jamani, nani angeweza kumchukia? Halafu mwaka 2013 akaomba mechi yake ya mwisho ichezwe Mumbai ili mama aje kumuona, maana miaka 24 mwanawe anachezea taifa yeye hajawahi kukaa uwanjani kumtazama. Mama akaletwa uwanja wa Wankhede kwa kiti cha magurudumu. Tendulkar tunamjua wote, lakini wangapi wanajua kama mama huyo anaitwa Rajni?

Ndo ombi langu mhariri. Kurasa zenu za michezo mchezaji akipigwa picha na mzazi mnaandika "fulani akiwa na mamake", jina hakuna, utadhani ni mpita njia. Mwandishi amuulize tu, mama unaitwa nani, aandike. Na timu zetu za taifa, kriketi, soka, voliboli, mechi moja tu kwa mwaka wavae majina ya mama zao, gharama yake ni herufi chache mgongoni, na wale kina mama waletwe uwanjani wakae mbele wajisomee wenyewe.

Wako,
Mtoto wa Zuhura,
Mombasa