Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: msamaha wa kodi uje na betri zinazoingiliana

Mheshimiwa Waziri, salaam. Mimi ni mtu wa boda hapa Mombasa, upande wa Kisauni, naendesha pikipiki ya umeme huu mwaka wa pili, na siirudii ya petroli. Haina kelele, haina oili ya kubadilisha kila mara, na pesa niliyokuwa naiacha sheli sasa nyingine inafika nyumbani.

Shida yangu ni betri. Juzi usiku kama saa tatu nimemshusha abiria Utange, naangalia, chaji asilimia nne. Nikajikokota hadi stesheni yetu ya kubadilishia, betri zilizojaa zimeisha zote. Hatua chache mbele kuna kabati la kampuni nyingine, betri zimepangwa, taa za kijani zinawaka kila tundu. Kijana anayelinda pale ni mtu mzuri, akanitolea moja tujaribu. Haikuingia. Ya kwangu ni pana na plagi iko chini, ile ni nyembamba na plagi iko ubavuni, na hata ingeingia, pikipiki yangu inasoma namba ya betri na ikiona si ya kampuni yake haiwaki. Basi nikasukuma hadi Kiembeni, jasho mpaka kwenye viatu, na wateja wawili wakanipigia njiani nikawaambia watafute mwingine.

Hiyo si ajali Mheshimiwa, biashara yenyewe ndivyo ilivyopangwa. Kampuni inakuuzia pikipiki kwa mkopo, betri inabaki yake, na wewe unarudi kwake kila siku kununua chaji kwa bei anayoiweka yeye kwenye apu. Faida siwanyimi, betri ndiyo kitu ghali zaidi hapo na ningeambiwa niinunue mwenyewe nisingeweza, hilo nalikubali kabisa. Lakini pesa ya umma imo ndani. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoa VAT ya asilimia 16 ikawa sifuri kwenye pikipiki za umeme na betri za lithiamu, na mwaka huohuo EPRA, wale wanaosimamia bei za nishati, ikaweka bei maalum ya stima ya magari ya umeme, shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa zile matumizi yako chini, kabla ya makato mengine. Hiyo shilingi 8 mimi sijaionja, sababu betri siruhusiwi kuichaji nyumbani, anaipata mwenye stesheni. Na hiyo kodi iliyosamehewa, mama anayeuza viazi karai pale steji yetu yeye analipa VAT akinunua sabuni.

Marekani walikutana na kitu kama hiki kwa magari. Sheria yao ya 2021 ilitenga dola bilioni 7.5 za vituo vya kuchaji, na serikali ikasema anayetaka pesa hiyo kituo chake kihudumie magari ya kampuni zote. Tesla walikuwa na plagi yao na vituo vyao, wengine hawaingii, na Februari 2023 wakakubali kufungua chaja zisizopungua 7,500 kwa magari ya wenzao. Haikuwaua, miezi michache baadaye Ford na GM wakatangaza watatumia plagi hiyohiyo ya Tesla. Masharti ya pesa ndiyo yaliyosogeza mambo.

Ninachoomba ni hicho tu. Msamaha wa kodi uendelee, tena uendelee miaka mingi, ila uwe na sharti: waite makampuni, waite Kebs, shirika la viwango, na tuite sisi wa boda pia maana ndio tunaozibeba hizo betri kwa mikono, mkubaliane saizi, plagi na namna betri inavyoongea na pikipiki. Wape muda, hata miaka miwili mitatu, najua wameshamwaga pesa nyingi kwenye makabati. Atakayekataa auze anavyotaka lakini alipe VAT kama sisi. Na kampuni ikifunga au ikihama nchi, iwe lazima ifungue zile pikipiki zikubali betri nyingine, kwa sababu wengi wetu tunalipia mkopo mpaka sasa, na siku stesheni zikizimwa mimi nabaki na chuma na deni.

Ukija Mombasa pita steji jioni, kabla hatujatawanyika. Hizo plagi mbili nimezipiga picha nitakuonyesha.