Trei inarudi jikoni ikiwa imejaa, tusaidieni jamani

Bwana asifiwe watu wetu. Tunajua mkiona ni akina mama wa Alhamisi, wale wa kulisha wazee hospitalini, mnasema hawa tena, na kweli viti vya kanisa mmechanga juzi tu hata nailoni hazijatoka zote, haya tunaona, lakini hii haingoji.

Kuna shosho tulimkuta wodini, mkono wa kulia uko na dripu, trei ya githeri imewekwa kule miguuni hafiki, na meno yake ya bandia kijana wake alirudi nayo Kayole ati yasipotee. Saa saba na nusu trei ikachukuliwa vile ilikuja, ikaandikwa anakataa kula. Tukamkalisha wima, tukampa uji wa wimbi na ndizi ya kupondwa, akamaliza kikombe akaomba kingine. Akatuambia, "Mimi sikukataa, chakula ndicho kilinipita."

Masista hatuwalaumu, wako wawili kwa wodi nzima, watalisha nani waache nani. Lakini mzee akilala siku chache tu bila kula vizuri misuli inaisha haraka, aliyeingia akitembea anatoka akibebwa, na vidonda vya mgongo vinakataa kupona. Na kulisha si kusukuma kijiko, aliyepata stroku lazima kwanza uulize sista kama anameza vizuri, maana hata maji yanaweza kuingia kwa mapafu. Hiyo tumefundishwa na tunaifuata.

Uingereza kuna hospitali mgonjwa wa kusaidiwa anapewa trei nyekundu, kila mtu akiiona anajua huyu asinyang'anywe chakula kabla hajasaidiwa. Sisi tutafunga utepe mwekundu kwa kitanda, sista mkubwa ameshakubali na utepe tumeshanunua, hicho ndicho kitu kimoja hatuombi.

Tunachoomba ni hiki: tuongeze siku za kwenda wodini kutoka moja hadi tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Unga, mayai, maziwa na ndizi za Marikiti 36,000, nauli ya watu sita 21,600, themosi sita 9,000 na blenda moja 4,500. Jumla 71,100. Mkononi tuko na 18,650, bado 52,450. Risiti zote zitasomwa baada ya ibada ya pili, kila shilingi, amina.

Mlilipa bili ya mzee wetu mwaka jana akaruhusiwa kwenda nyumbani, mkaezeka jikoni la kanisa, Mungu aliona. Lakini pia tuliona kamati ya harusi ya majuzi, bajeti ilijaa kwa wiki mbili na chenji ikabaki, na keki ilikuwa ya ghorofa nne. Sisi ghorofa hatutaki, tunataka uji. Na usiseme huna mzazi hospitalini, sema huna leo.

Namba ya kutuma ni ile ile ya mweka hazina, harambee yenyewe Jumapili hii. Kama huna pesa njoo na mikono, hasa wewe unayeongea Kikamba au Kijaluo, kuna wazee wawili pale kwa dirisha wameongeleshwa Kizungu mpaka wakanyamaza, hatujui hata kama uji wanautaka na sukari.