Jumamosi: hofu ndani ya Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi saa 10 tunakutana palepale Capri Point. Waliokula sato bila kuchangia wanajijua 😀

Kila mtu achague mhusika mmoja na aje na maneno ya mhusika huyo yanayoonyesha hofu yake, tendo na onyesho vitajwe. "Nahisi anaogopa" hatupokei tena. Mfano: Tendo la 1, Onyesho la 2. Umati unashangilia kwa mbali, Brutus anaropoka kwamba anahofia watu wanamchagua Kaizari awe mfalme. Cassius, anayemvuta Brutus dhidi ya Kaizari, analidaka neno hilohilo na kumbana nalo.

Calpurnia, mke wa Kaizari, na ndoto yake ya sanamu inayomwaga damu msimguse, ni wangu. Mwenye tafsiri ya Mwalimu Nyerere aje nayo, yangu ililoa kivukoni.