Umehama nyumba, bunduki imehamia wapi?

Wengi huichukulia leseni ya silaha kama leseni ya udereva: ipo mfukoni, ukitoka Chuno ukahamia Mikindani, humuhumu Mtwara, nani atakuuliza? Lakini maombi ya silaha yalianzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji ulichokuwa unaishi, watu wanaokujua wakasema unafaa, ndipo yakapanda juu kwa polisi. Jalada lako lina jina lako, namba ya bunduki na mahali inapolala. Ukihama kimya kimya, hilo la mwisho linakuwa uongo, hata kama leseni haijaisha muda na hujamkosea mtu.

Sisi ni karakana ya kuchomelea. Tunatengeneza na kufunga makasha ya chuma ya kutunzia silaha, Mtwara na Lindi. Leseni hatutoi, wala hatumfuatilii mtu leseni yake. Ila kabla kasha halijang'olewa ukutani, karatasi zinatakiwa ziwe zimeshatangulia.

Karatasi

Barua huandikwa kabla ya siku ya kuhama, si baada ya kuizoea nyumba mpya. Inakwenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya unakotoka. Ukibaki ndani ya wilaya ileile, unamalizana na ofisi moja. Ukitoka Mtwara mjini ukaenda Masasi umebadili wilaya, ukienda Nachingwea iliyo Lindi umebadili mkoa, na hapo unaripoti pande zote mbili: unakotoka wajue imeondoka, unakofika wajue imeingia. Aliyeripoti upande mmoja tu, siku ya uhakiki huonekana ana bunduki isiyojulikana iliko.

Andika jina kama lilivyo NIDA, namba ya NIDA yenye tarakimu 20 (hiyo haibadiliki kwa kuhama), namba ya leseni na tarehe inapoisha, aina ya silaha, kaliba, namba ya silaha, idadi ya risasi, anwani ya zamani, anwani mpya, tarehe ya kuhama na simu yako. Anwani mpya isiwe "nyuma ya soko, nyumba ya bati jekundu". Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina kibao cha namba na barabara zina majina, basi andika namba, barabara, mtaa, kata na postikodi. Postikodi za Mtwara zinaanza na 63, za Lindi na 65. Barua ya kuhamia Lindi yenye 63 maana yake umenakili ya nyumba ya zamani. Ambatisha barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kipya, nakala ya kitambulisho na nakala ya leseni. Chapa barua mbili, moja ibaki kwao, nyingine urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Hiyo ndiyo itakayokusemea mpaka mabadiliko yaingie kwenye kumbukumbu.

Namba ya silaha usiinakili kutoka kwenye leseni. Isome kwenye chuma chenyewe, baada ya kuhakikisha chemba haina risasi. Shika tochi ya simu ubavuni mwa namba, si mbele yake, ili mikwaruzo itupe kivuli. Utaona kwamba uliyodhani ni 8 ni B, au 0 ni O, na kumbe kosa hilo limekaa kwenye leseni miaka yote. Shotgani ya mitutu miwili mara nyingi namba yake hurudiwa chini ya mitutu na kwenye kile kipande cha mbao cha mbele, kwa hiyo linganisha zote. Kukiwa na kutu, paka mafuta mepesi, acha usiku mzima, futa kwa kitambaa. Msasa usiuguse. Bunduki yenye namba iliyokwanguliwa haitofautiani na bunduki iliyofutwa namba makusudi, na maelezo ya "ilikuwa kutu" hayamridhishi askari.

Leseni ikikaribia kuisha, ihuishe kabla ya kuhama ili usipeleke wilaya mpya matatizo mawili kwa mpigo. Malipo ya serikali yana namba maalumu ya malipo inayoanza na 99. Ukipewa namba ya simu ya mtu, hiyo si ada.

Siku ya kuhama

Bunduki haipandi Fuso pamoja na makabati. Dereva na wapakiaji hawana leseni yako, na gari likisimamishwa njiani wewe ukiwa nyuma kwenye gari jingine, wao ndio wamekutwa na silaha. Inasafiri na mwenye leseni, tupu, ndani ya mfuko wake, shotgani ikiwa imefunguliwa vipande, risasi zikiwa kwenye chombo kingine kilichofungwa. Leseni halisi na ile barua yenye muhuri viwe mkononi. Kama kasha la nyumba mpya halijafungwa, waombe polisi uikabidhi kituoni kwa maandishi mpaka kazi iishe.

Kosa tunalolisikia kuliko yote ni "nimeiacha kwa kaka kwanza". Kaka hana leseni. Leseni ni ya mtu, haiazimwi kwa ndugu wala kwa mke, na ufunguo wa kasha vilevile. Na kuna kuhama ambako watu hawakuhesabu kuwa ni kuhama: mfanyabiashara wa mjini anayekaa Tandahimba msimu mzima wa korosho na bastola yake, au mwenye shamba Nanyamba anayeiacha bunduki bandani kwa mlinzi kwa ajili ya nguruwe na ngedere. Leseni inasema Shangani, Mtwara mjini, silaha inalala Nanyamba. Wa kwanza atoe taarifa polisi kabla ya msimu. Wa pili aache mtindo huo. Gobore nalo ni silaha, tusidanganyane.

Kasha

Kwa shotgani au raifo tunatengeneza kimo sentimita 130, upana 35, kina 30, bamba la milimita 3, mlango milimita 4, bawaba ndani. Juu kuna sanduku dogo la risasi lenye kufuli lake. Tupu lina uzito wa kilo 50 hadi 60, na hapo ndipo watu wanapojidanganya: ni zito kwako peke yako, lakini wezi wawili wanalibeba hadi kwenye bajaji. Kinachozuia wizi ni boliti. Kasha la bastola ni jepesi zaidi, hivyo lichimbiwe ukutani au lifungwe sakafuni kutokea ndani.

Nyumba ya tofali za saruji haina shida: boliti nne za kutanuka za milimita 12, urefu 100, zinazokazwa kutokea ndani ya kasha. Boliti za nyumba ya zamani usizirudie, zikishatanuka hazishiki tena. Nyumba za kale za mawe na chokaa, kama zile za Mikindani, ni habari nyingine. Ukitoboa, jiwe la matumbawe linamomonyoka kama biskuti, boliti inazunguka bila kukaza. Hapo tunapitisha boliti ndefu ukuta mzima, upande wa pili bamba la chuma, nati tunaichomelea. Upande huo wa pili uwe chumba cha ndani, si uchochoroni. Kwa nyumba ya miti na udongo, sahau ukuta. Tunamwaga zege sakafuni, sentimita 60 kwa 60, unene 15, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, boliti zikiwa zimezamishwa humo, na tunarudi kukaza baada ya siku saba. Ndiyo maana tunataka kujua aina ya ukuta wiki mbili kabla hujahama. Mpangaji aje na idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, kwa sababu matundu hayazibiki.

Pwani hii ina chumvi hewani. Tunapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili ndipo ya mafuta, na nyuma tunaweka vipande vya milimita 10 ili kasha lisigusane na ukuta wenye unyevu. Ndani usiweke sponji wala usiache bunduki kwenye mfuko wa ngozi, vyote vinafyonza maji na kuyashikilia kwenye chuma. Weka vifuko vya chembe za kukausha unyevu na uvibadilishe, hasa masika. Aliyehamia Newala asidhani ameikwepa kutu kwa kuwa yuko mbali na bahari. Ukungu wa kule juu unaifanya kazi hiyohiyo.

Ukitaka tukufungie, tutumie urefu wa silaha kuanzia kitakoni hadi mdomo wa mtutu, picha ya ukuta au sakafu, na kata unakohamia. Picha ya leseni na namba ya silaha usitutumie. Hatuzihitaji, na hazipaswi kuzunguka kwenye simu za watu.