Ahsante sana kaka wa pakacha la samaki

Jamani namtafuta kaka mmoja nimshukuru, jina sikumuuliza, Jumamosi asubuhi pale soko la Darajani, Unguja, kwenye baskeli za mtumba, alikuwa na pakacha la samaki mkononi. Mie nina laki mbili na nusu tu na nishaing'ang'ania moja nyekundu ina springi mbele na nyuma, akanambia taratibu, "mdogo wangu hiyo iache, kwa bei hiyo springi ni uzito tu, vilima vya Pemba utavipandaje?"

Akaweka pakacha chini. Tukajaribu nyengine, akanisimamisha juu ya fremu miguu yote chini, ibaki nafasi kama inchi mbili, akazungusha ringi atazame kama linayumba kwenye breki, halafu akaivuta cheni kwa kidole pale mbele, ikainuka mpaka jino zima likaonekana, akasema cheni hii imekwisha, itakula na gia. Tukaja kuichukua baskeli ya nne! Ringi 26, uma wa mbele hauna springi, fremu ya alumini maana kwa hewa yetu ya chumvi chuma hupata kutu upesi, breki za waya ambazo fundi yoyote anaziweza. Laki na themanini, iliyobaki nikanunua tairi za meno na kufuli.

Jana nimetoka Konde nikapita msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi, ile njia ya vumbi yote, sikushuka hata mara moja. Kaka yangu, najua samaki walichelewa kufika nyumbani kwa ajili yangu. Allah akulipe kheri wewe na wanao.