Kabla ya kuhamia utabibu jeshini, uliza utatoka na leseni gani

Mhariri,

Vijana wengi wa Afrika Mashariki walioko Marekani huingia jeshini wakiwa madereva, mafundi mitambo au watunza stoo, kisha wanaanza kutafuta njia ya kufika kwenye uuguzi. Ushauri wanaopewa mara nyingi ni mmoja: hamia 68W, uuguzi utafuata. Naomba nafasi nipinge ushauri huo, maana unawala vijana miaka yao.

68W ni namba ya kazi ya tabibu wa medani wa Jeshi la Nchi Kavu. Mafunzo yake huchukua wiki 16 huko Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas. Sehemu ya kwanza humwandaa askari kwa mtihani wa taifa wa wahudumu wa dharura, wale wa kwenye ambulensi. Inayobaki ni kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kumtoa majeruhi huku risasi zinarindima. Kazi hiyo inaokoa maisha na inastahili heshima yote. Lakini cheti anachotoka nacho ni cha mhudumu wa dharura, cha kuhuishwa kila baada ya miaka 2. Si leseni ya uuguzi. Akivua magwanda, hata kama alitundika dripu mara nyingi, hospitali ya kiraia haitampokea wodini kama muuguzi kwa cheti hicho.

Anayetaka kuwa muuguzi bila kuwa afisa aulizie 68C, kazi ya uuguzi ya askari wa kawaida. Mafunzo huchukua takriban mwaka mzima, darasani kwanza kisha katika hospitali ya jeshi, na mwisho wake ni mtihani wa taifa wa NCLEX-PN na leseni ya LPN, yaani ya muuguzi wa ngazi ya chini ya muuguzi kamili (RN), ambayo inafanya kazi uraiani. Kuhama kunapitia kwa mshauri wa mikataba wa kikosi, kwa kawaida wakati mkataba unakaribia kurefushwa. Kunakwama mahali pawili. Kazi uliyonayo ikiwa na upungufu wa watu, hawakuachii. Na kazi unayoitaka ikiwa imejaa, hawakupokei. Hali hiyo hubadilika, kwa hiyo jibu la hapana la leo si la kudumu. Rudi ukaulize tena. Ujue pia kwamba ukishindwa kozi katikati, jeshi linaweza kukupeleka kwenye kazi nyingine yoyote yenye uhitaji.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba si lazima uwe tabibu kwanza ndipo uwe afisa muuguzi. Mpango wa AECP huchukua askari wa kazi yoyote, hata mpishi, na kumpeleka chuo kikuu cha kiraia asome shahada ya uuguzi huku akiendelea kulipwa mshahara wake. Akimaliza na kufaulu NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya muuguzi kamili, anakuwa afisa, na anabaki na deni la miaka ya utumishi. Jeshi la Majini lina mpango wake wa aina hiyo, MECP. Wanamaji wa Marine, kwa upande wao, hawana matabibu wao wenyewe. Huhudumiwa na wa Jeshi la Majini, kwa hiyo aliye Marine hana kazi ya utabibu ya kuhamia ndani ya kikosi chake.

AECP inataka alama za GT, yaani za uwezo wa jumla, zisizopungua 110 katika ASVAB, mtihani wa kuingilia jeshini. Aliye chini ya hapo aombe darasa la BSEP la kuinua alama kabla ya kurudia mtihani. Inataka pia barua ya chuo inayoonyesha kwamba utamaliza ndani ya miezi 24 ya kalenda, likizo zikiwemo. Hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia. Somo moja tu la msingi likikosekana, tuseme mikrobiolojia, mpango wa chuo unaruka hadi miezi 28 na faili linarudi.

Kwa hiyo masomo hayo uyamalize ukiwa kazini kwako: anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili, mikrobiolojia, kemia na takwimu. Msaada wa ada wa jeshi hulipa hadi dola 250 kwa kila krediti, lakini lazima uidhinishwe kabla darasa halijaanza, na ukifeli au ukiacha katikati unakatwa hela hiyo. Takwimu na Kiingereza yasome mtandaoni, hata kikosi kikiwa porini kwenye mazoezi. Anatomia ngojea muhula ambao ratiba ya kikosi inaonyesha mko kambini, kwa sababu vipindi vya maabara ukivikosa havirudishwi. Uliza pia, kwa maandishi, kama chuo unachokilenga kinakubali maabara za mtandaoni, na kama kina ukomo wa umri wa alama za sayansi. Vingine hukataa zilizozidi miaka 5 au 7.

La mwisho ni uraia. Kwa green card unaweza kuwa askari, lakini afisa lazima awe raia. Fomu N-426, inayothibitisha utumishi wako, isainiwe na jeshi mapema, kisha uwasilishe N-400, fomu ya kuomba uraia. Askari halipi ada yake. Anayengoja hadi barua ya chuo ifike ndipo aanze uraia, huukosa muhula huo.

Msomaji wenu